Daktari wa Chumba cha Kufulia

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna ugonjwa katika mtaa huu nisioujua kwa jina, kwa ukoo na kwa tabia zake mbaya. Miaka thelathini hospitali kubwa! Madaktari wamepita mikononi mwangu, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyetoka bila mimi kumng'arisha.

Haya. Daftari ni langu, nimdanganye nani? Makoti yao ndiyo yaliyopita mikononi mwangu. Mimi nilikuwa mfuaji. Chumba cha kufulia, nyuma kabisa, kando ya tanuri la taka. Dirisha letu liliangalia benchi la wagonjwa wa nje, na daktari mmoja alikuwa na sauti ya mnadi samaki. Maneno yote ninayoyajua niliyapata pale dirishani. Niliyaokota kama vifungo kwenye mifuko ya makoti – vingi, vizuri, na hakuna hata kimoja kinacholingana na mwenzake.

Naandika kwa sababu Mama Watoto amechoka. Jana nilikuwa namweleza habari za usaha, akasukuma sahani. Akasema, kama huna pa kusemea, andika, uniache nile. Basi naandika. Mke wa miaka arobaini ya ndoa ukimkatalia utalala na kuku, nasi kuku hatuna.

Watu wa huku hawajui. Tulipohamia, baada ya kustaafu, nilikuwa nimevaa koti jeupe, lile lililotupwa kwa doa la wino mfukoni. Fundi viatu akainua kichwa kutoka kwenye soli. "Karibu, Daktari!" Mtu amekukaribisha vizuri asubuhi ya kwanza, umkatalie? Ni kukosa adabu. Tangu siku hiyo benchi lililo kando ya kibanda chake ndiyo kliniki yangu. Wanakuja na makaratasi, wanakuja na maboksi ya vidonge. Mimi nakunja uso, nasogeza karatasi mbali na macho, nasema "Mh!" Hiyo "Mh!" peke yake ni nusu ya udaktari.

Leo alikuja mke wa muuza mkaa. Ameambiwa mtoto hapati protini. Nikamwambia protini ni matofali ya mwili, ampe maharage, mayai, samaki. Wanga ni kuni za kupikia, matofali hayapo humo. Hilo ni kweli, nimelisikia mara mia. Mwingine akauliza kolesteroli. Nikasema ni mafuta yanayoganda ndani ya mishipa, kama lile bomba letu la maji machafu lililoziba mpaka mkubwa wa ufuaji akaogelea na viatu. Nadhani hapo pia nimepatia. Mwingine akauliza homoni. Nikamwambia hayo hayaulizwi barabarani, ana heshima gani?

Fundi alicheka mpaka msumari ukamtoka mdomoni.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimepata sifa!

Fundi ana presha. Tangu mwaka jana anameza kidonge kimoja kila asubuhi na chai yake, huku amenuna kama anameza kokoto. Asubuhi alikwenda zahanati kupimwa. Akarudi anatembea kama bwana harusi.

"Daktari! Wamepima. Wamesema presha ni ya kawaida."

"Nilikwambia."

Sikuwa nimemwambia kitu.

Akakaa, akachukua kiatu, akakiweka chini. Akaniuliza, sasa amepona? Aendelee na vidonge au aache? Benchi lilikuwa limejaa. Muuza mkaa na mkewe, na wazee wa drafti. Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema, Fundi, rudi ukamuulize aliyekupima, ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja tu. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, na mdomo wangu ukifunguka haurudi mtupu.

Nikasema: "Fundi, shati lilikuwa na doa. Umeloweka, umesugua, doa limetoka. Utaendelea kuliloweka? Sabuni ikizidi inakula nguo! Utalivaa nini, matundu?"

Wakacheka, wakapiga makofi. Muuza mkaa akasema huyu mzee angesomeshwa vizuri angekuwa waziri. Fundi akachukua boksi la vidonge, akalizika kwenye kopo la misumari, akamwagia misumari juu. "Pumzika kwa amani," akaliambia. Tukacheka tena.

Halafu nikamfunga drafti, mbele za watu. Tulikuwa tumewekeana dau: akifungwa, ananishonea mkanda wa sandali yangu ya kushoto, bure, kwa mkono wake mwenyewe. Akaitundika ukutani. Kesho, akasema. Kesho ya fundi inajulikana dunia nzima.

Nimerudi nyumbani mguu mmoja peku. Nimefurahi kama mjinga.

Jumanne, 18 Machi

Fundi analalamikia kisogo. Akiamka kinamgonga kama mtu yuko ndani anapigilia soli. Nimemwambia ni harufu ya gundi, afungue mlango wa kibanda. Akaufungua. Ananitii huyu mtu, sijui kwa nini.

Sandali bado iko ukutani.

Nilipita zahanati kwenda sokoni. Nikasimama. Nilitaka kuuliza tu, kijuujuu, kama mtu anayeuliza saa. Lakini pale mlangoni alikuwa amekaa mke wa muuza mkaa na mtoto wake. Daktari anakwenda kuuliza zahanati? Nikanunua vitunguu, nikarudi.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nilikuwa benchini kwa Fundi.

Alikuwa anashona kiatu cha shule. Sindano ikamdondoka. Akainama kuiokota, vidole vikaigusa, havikuishika. Akajaribu tena. Nami nikacheka. Nilicheka! Nikamwambia, uzee huo, ndugu yangu, kesho utasahau na njia ya mdomoni.

Akainua uso. Mdomo ulikuwa umekwenda upande mmoja, kama koti lililotundikwa kwa bega moja. Akataka kunijibu. Maneno yakatoka yamelowa, mazito, hayana mikono wala kola.

Nililijua lile jina. Nimelisikia dirishani zaidi ya jina la mama yangu. Kiharusi! Na nilijua jambo jingine, kwamba hapo hakuna kusubiri, hakuna kulala apumzike, hakuna chai ya tangawizi, ni hospitali na ni sasa hivi. Basi nikapiga kelele mtaa mzima. Gari la muuza maji likamwaga madumu yote barabarani, tukampandisha. Watu wakasema, tazama, Daktari amemwokoa. Ee Mungu.

Binti yake alikuja mbio peku, tepe ya kupimia nguo bado shingoni. Yeye ni mshonaji, baba viatu, mtoto magauni. Ndani ya gari akanishika mkono.

"Babu, baba alikuwa anameza dawa zake?"

Nikasema, "Sijui, mjukuu wangu."

Sijui. Neno hili sijawahi kulisema katika mtaa huu. Siku ya kwanza ninalitumia, ni la uongo.

Na bado. Niliporudi nilikwenda kufunga kibanda chake. Nikamwaga misumari. Boksi lilikuwepo, limejaa vidonge karibu vyote. Nimelitia mfuko wa koti langu jeupe, na koti nimelitundika nyuma ya mlango. Linanitazama.

Jumapili, 30 Machi

Mambo yamezidi kuharibika.

Hospitali walimwambia binti kwamba presha ya baba ilipanda kama mtu asiyetumia dawa kabisa. Yeye anajua baba alikuwa anakwenda kuzinunua. Kwa hiyo akaona kosa liko kwenye dawa. Akaenda moja kwa moja duka la dawa, pale kona. Muuza dawa ni mama mpole, anavaa miwani iliyofungwa uzi. Binti akamsomea mbele ya watu: umemuuzia baba yangu chaki! Yule mama akatoa maboksi, akaonyesha tarehe, akaonyesha mihuri. Hakuna aliyetazama. Mtu akishapata wa kumlaumu, mihuri ya nini?

Wakanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama nyuma yao. "Daktari, sema wewe."

Yule mama naye akanitazama. Alikuwa anangoja nimtetee! Nilikuwa mtu pekee pale anayejua vidonge viko wapi.

Nikasema, "Mambo haya yanahitaji uchunguzi."

Sentensi hiyo niliisikia dirishani pia. Daktari yule mwenye sauti alikuwa akiisema kila asipojua la kusema. Ila yeye hakuwa na boksi mfukoni.

Sikula. Mama Watoto akauliza ninaumwa nini. Nikasema tumbo. Akasema, lipi, la chakula au la maneno?

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda kumwona. Binti alikuwa amemkalisha kwa mito, anamlisha uji kwa kijiko kidogo. Mkono wa kulia, ule wa sindano, umelala juu ya shuka kama wa mtu mwingine. Fundi aliponiona alicheka kwa nusu ya uso. Hiyo nusu ilinichoma kuliko kama angelia.

Muuguzi akaja, msichana mdogo, anaweza kuwa kitinda mimba wa kitinda mimba wangu. Akatueleza. Kiharusi chenyewe ni chepesi, amewahishwa, atatembea, mkono utarudi akiufanyisha mazoezi. Lakini presha lazima ikae chini. Kidonge kila siku. Mpaka lini? akauliza binti. Kila siku, mama.

Nikajifanya nauliza kama mpita njia. Nikasema, kuna mzee mmoja huko kwetu, alipimwa akaambiwa ni ya kawaida. Sasa huyo naye ameze kwa nini?

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Babu, ilikuwa ya kawaida kwa sababu anameza. Presha mara nyingi haiponi, inatulizwa tu. Ukiacha dawa inarudi. Huyo mzee mwambie asiache bila kuongea na waliompa."

Akageuka kwenda. Hapo nikaiona kola yake. Imesimama wima, imekauka vizuri, haina mkunjo. Wanga! Wazo lilinipiga kama radi.

Miaka thelathini nilipiga kofia za wauguzi wanga. Unauchemsha, unauchuja, unachovya, unapiga pasi, kofia inasimama kama mnara. Ikifuliwa inalegea kama sikio la mbuzi. Unapiga tena. Siku zote unapiga tena! Hakuna mtu katika chumba kile aliyewahi kusema kofia hii sasa imejifunza kusimama, tuache wanga. Hata yule kijana mvivu tuliyemfukuza hakusema hivyo.

Dawa ya presha si sabuni. Ni wanga. Nilikuwa na jibu mikononi mwangu mwenyewe, hadi kwenye kucha, na nikachukua jingine kwa sababu lilichekesha.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikwenda hospitali. Nilisema mguu unauma.

Mguu hauumi.

Jumatatu, 7 Aprili

Wamemrudisha nyumbani jana. Mtaa mzima ulikwenda kumpa pole. Mimi nilikwenda wa mwisho, nikakaa karibu na mlango, nikaondoka wa kwanza.

Leo jioni binti akaja hapa kwetu. Hakukaa. Alisimama na ile tepe shingoni, macho mekundu.

"Babu, shikamoo. Njoo unisaidie kwa baba. Amekataa dawa."

"Amekataa vipi?"

"Anafunga mdomo kama mtoto. Nikimwambia ni za hospitali, anasema za hospitali zimemfikisha wapi. Anasema yeye alishapona, haya ni uchovu. Anasema watu wa hospitali wanataka kumloweka mpaka achanike, sabuni ikizidi inakula nguo. Maneno gani hayo, babu? Sijui kayaokota wapi!"

Mimi nikatazama miguu yangu. Mmoja una kandambili ya Mama Watoto.

"Wewe anakusikiliza kuliko wote," akasema. "Ukimwambia wewe, atameza. Jana muuguzi alisema kiharusi kikija cha pili kinaweza kumchukua."

Akaondoka. Mama Watoto alikuwa anaanua nguo. Aliingia ndani, akatoka na lile boksi, akaliweka kando ya sahani yangu. Alikuwa ameamua kulifua lile koti. Kanuni yangu mwenyewe, niliyomfundisha tukiwa wachumba: kabla hujaloweka, pekua mfuko.

"La Fundi hili?"

"La Fundi."

"Ni wewe uliyesema habari ya sabuni."

"Ni mimi."

Nilidhani atapiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa, akakunja nguo moja, mbili, akazikunjua tena.

"Mwambie Fundi. Halafu yule mama wa duka la dawa, tangu Jumapili ile amefungua nusu mlango. Haingii mtu."

"Wataniita nini, Mama Watoto?"

"Walikuwa wanakuitaje kule kazini?"

"Mzee Povu."

"Basi. Jina unalo. Jikaze kisabuni, uende."

Hata nami nilicheka kidogo. Halafu machozi yakanitoka, mzee mzima, mbele ya nguo safi.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeanzia dukani, kwa sababu lipo njiani, na kwa sababu nilikuwa naahirisha kwa Fundi. Bila koti. Nikamwambia yule mama yote, nikamwekea boksi juu ya meza. Alilifungua, akavitazama vidonge vimekaa kwenye vijumba vyao. Akavua miwani. Sikuambiwa nimesamehewa. Nimeambiwa hivi: "Ulinyamaza mbele za watu, mzee wangu. Kaseme mbele za watu." Nikasema nitasema. Akasema atafungua mlango wote siku hiyo. Akafunga dirisha.

Halafu kwa Fundi.

Amelala kitanda cha sebuleni. Binti alikuwa ameweka kidonge kwenye kisahani, na kikombe cha maji. Nikavuta kigoda. Nikamwambia, Fundi, mimi si daktari. Sijawahi hata kumpima mtu mapigo ya moyo. Nilikuwa nafua makoti. Siku ile nilikupa maneno ya kuchekesha benchi, na wewe ukayameza badala ya dawa. Nikamweleza habari ya wanga, kofia na kola. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kueleza kitu vizuri hivyo.

Binti alikuwa mlangoni. Nilimsikia alivyoacha kupumua.

Fundi akainua mkono ule mzima, akachukua wa kwangu, akaugeuza kama anavyogeuza soli. Ngozi imeliwa na soda ya kufulia, kucha hazina rangi. Maneno yakamtoka polepole, moja moja.

"Nilishuku. Daktari gani... mikono hii?"

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka... mtu aseme niache."

Hapo nikaona. Fundi hakuwa mjinga. Alikwenda kwa mtu asiyejua kusema sijui. Kosa halikupungua hata chembe, limezidi, kwa sababu alinichagua.

Nikachukua kisahani, nikamsogezea. Akakisukuma.

"Wewe si daktari," akasema. "Basi leo... nikusikilize kwa nini?"

Nilipokuwa mwongo alinitii. Nimesema kweli, neno langu halinunui hata kiberiti. Binti akanijia. Sikuwahi kumwona hivyo. Hakutukana. Alisema tu, "Babu, toka nje," na ile "babu" aliitoa kama anatema uzi. Akashusha pazia.

Sikwenda nyumbani. Nimekaa hapa nje ya mlango wao, kwenye kigoda, daftari gotini. Mke wa muuza mkaa amepita. Akaniamkia, "Shikamoo, Daktari." Nikamjibu, "Marahaba, ila mimi ni mfuaji." Akacheka, akadhani ni mzaha wangu. Nikamwambia tena. Akaacha kucheka. Ameondoka haraka, kufika jioni watajua wote. Vizuri. Udaktari utakuwa umeshafuliwa benchini nikifika kumtetea mama wa duka.

Nasikia ndani kisahani kikiwekwa mezani, mara ya pili sasa. Bado anakataa.

Nimefikiri. Udaktari sina. Urafiki sijui kama umebaki. Deni moja tu namdai, nalo ni halali, nililipata mbele za watu. Nimepaza sauti kupitia pazia:

"Fundi! Nilikufunga drafti, unakumbuka? Sandali yangu ya kushoto bado iko kwenye ukuta wako. Ulisema kwa mkono wako mwenyewe. Simpelekei fundi mwingine, nitatembea na kandambili ya mke wangu mpaka nife, nikuaibishe mtaa mzima. Sikuombi unisikilize. Nakuomba mshono mmoja. Ukimeza, mkono ukapona, hata mwakani, hata mshono ukiwa mbaya. Nishonee sandali yangu."